Yakishatumika, Yanaenda Wapi? Mafunzo Niliyopata Kwenye Chemba

Vijana wa kwetu Murangi wakitaka kufungua biashara hunipitia kwanza. Mmoja anataka kiwanda kidogo cha minofu ya sangara, mwingine anataka dobi ya mashine pale Bunda mjini, mwingine hoteli ya vyumba ishirini Musoma inayotazama ziwa. Huja na andiko lililopigwa chapa vizuri, lenye ukurasa wa mtaji, wa soko, wa umeme na wa maji yatakayoingia. Mimi huuliza swali moja tu: na yakishatumika, yanaenda wapi? Hapo mtu hukuna kichwa.

Siwacheki. Daftari langu la kwanza la biashara ninalo mpaka leo. Ni la mgahawa niliofungua Mwanza, na humo nimeandika hata bei ya vijiti vya meno. Mstari wa majitaka haumo. Mstari huo nilikuja kuulipia baadaye kwa fedha, kwa aibu, na mara moja nusura kwa roho ya mtu. Haya ndiyo niliyoyaokota.

1. Kumwaga ni kupeleka

Nimekulia mwaloni. Samaki akipasuliwa, matumbo yalirudi ziwani, na kabla hatujanawa mikono ndege na kamongo walishayamaliza. Kwa hiyo nilikua nikiamini kwamba maji humeza. Nilipofika Mwanza na kukuta sinki lenye tundu, imani yangu ilihamia kwenye tundu lile.

Siku moja nilipewa lifti na dereva wa gari la majitaka, tukaenda mpaka mabwawa ya Butuja, Ilemela. Nilitarajia mitambo inayonguruma. Nikakuta kimya, ndege, na maji ya kijani yaliyotandazwa juani. Mzee aliyekuwa akifyeka majani ukingoni alinieleza bila haraka. Bwawa la kwanza lina kina kirefu. Uchafu mzito unazama, unaliwa na vijidudu visivyohitaji hewa. Linalofuata ni pana. Mwani wake hutengeneza oksijeni kwa jua la mchana, na bakteria huivuta ili wale uchafu uliobaki. Ya mwisho ni ya kina kifupi, jua linapenya na kuua vimelea vya maradhi. Ndipo maji yanaachiwa, na safari yake inaishia ziwani.

“Hawa ni ng’ombe wangu,” alisema akionyesha maji ambayo mimi sikuona kiumbe ndani yake. “Ninyi wa mjini ndio mnaowakatia majani. Mkiwakatia sumu, mimi siendi mnadani kununua wengine.”

Tangu siku hiyo nikisoma kanuni za nini kiingie kwenye mtandao wa majitaka na nini kisiingie, naziona kama orodha ya malisho. Swali la kwanza juu ya kitu chochote kinachotoka kwenye biashara yako ni hili: je, kinalika?

2. Mafuta ya moto ni maji. Yakipoa ni jiwe

Mgahawa wangu ulisifika kwa sato wa kukaanga. Kila jioni kikaango kilibaki na mafuta meusi. Mke wangu alishauri tuyahifadhi kwenye dumu tumuuzie mtengeneza sabuni. Nikamwambia mimi nina utaalamu: unayamwaga yangali moto, unafuatisha ndoo ya maji yaliyochemka na sabuni ya unga. Na kweli yalishuka bila kinyongo. Nilijiona mhandisi.

Baada ya miezi saba, Jumamosi yenye harusi mbili mtaani, majitaka yalipanda. Hayakupanda kwangu. Yalipanda kwa jirani, dada mwenye saluni, wateja wake wakiwa na vichwa vya povu. Mafundi walikuja na fimbo zao, wakachomoa bombani kitu cheupe, kirefu, kigumu kama mche wa sabuni. Mmoja wao alinieleza kwamba kweli ni jamaa ya sabuni: mafuta yakikaa bombani huungana na chokaa iliyomo kwenye majitaka, yakaganda. Mke wangu alikitazama, akanitazama, akasema, “Kumbe ulikuwa unaitengeneza mwenyewe.” Siku ile nililipa fundi, nikalipa saluni, na nadhani kwa mke wangu bado nalipa.

Nilijifariji niliposoma kwamba ujinga huu una wenzake Ulaya. Mwaka 2017 mafundi wa London walikuta chini ya mtaa wa Whitechapel bonge la mafuta na vitambaa vya kujifutia lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130. Kipande chake kilipelekwa makumbusho, watu wakaenda kukitazama. Changu hakikupata heshima hiyo.

Dawa yake ni mtego wa mafuta: sanduku ambamo maji hupungua mwendo, mafuta yakaelea, na maji yakatokea kwa chini. Niliujenga. Kisha nikausahau miezi minne, maana nilidhani kujenga ndiko kutimiza. Mtego usiosafishwa ni sanduku la uvundo tu. Mafuta huuruka na kuendelea na safari. Panga siku ya kuusafisha kila wiki, iandike ukutani, na aliyesafisha atie sahihi. Kwangua sahani kabla ya kuosha. Na mtengeneza sabuni apewe haki yake.

3. “Asili” si kibali

Biashara ilipokua niliongeza banda la kuchinjia mbuzi na kuku nyuma ya mgahawa. Damu niliisafisha kwa mpira wa maji mpaka ndani ya chemba. Nilipoonywa nilijibu kwa kiburi: hii si kemikali, ni kitu cha Mungu.

Mkaguzi hakubishana nami kuhusu Mungu. Alichukua kalamu. Kuna kipimo kinaitwa BOD, akasema: ni kiasi cha oksijeni ambacho vijidudu watahitaji ili wale uchafu uliomo ndani ya maji, ukipimwa kwa siku tano katika nyuzijoto 20. Kanuni za Tanzania za viwango vya ubora wa maji za mwaka 2007 zinataka maji yanayoachiwa kwenye mazingira yasizidi miligramu 30 kwa lita. Damu halisi huzidi 100,000. Tulipiga hesabu pamoja: lita moja ya damu ingehitaji zaidi ya lita 3,300 za maji safi kabisa ili ifike kwenye 30. Mimi nilikuwa nikimwaga ndoo.

Nilikumbuka kalamu ile Machi 2022, Mto Mara wetu ulipogeuka mweusi na samaki wakaelea. Kamati iliyoundwa na aliyekuwa Waziri wa Mazingira, Selemani Jafo, ikiongozwa na Profesa Samwel Manyele, ilitaja kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Nchi nzima ilicheka, na wengine walikasirika. Ubishi ule sitauamua mimi. Ila mimi sikuweza kucheka, kwa sababu nilishajua kwamba samaki hahitaji sumu ili afe. Inatosha uchafu wa kawaida, ukiwa mwingi, ule hewa yake yote.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba mlango wa bomba ni mpana kuliko mlango wa ziwa. Kanuni za Kenya za 2006, kwa mfano, ziliruhusu BOD ya 500 kuingia kwenye mtandao wa umma, lakini 30 tu kuingia kwenye mazingira. Pengo lile ni kazi ya ng’ombe wa yule mzee. Ni msaada mkubwa kwa mfanyabiashara, ila hauna maana ya kuleta mia elfu. Kinga damu kwenye chombo chake, chuja manyoya na vipande vya nyama, chukua sampuli upimishe. Ukijua namba yako hutazungumza kwa kiburi wala kwa woga.

4. Kuzimua si kusafisha

Hili naliandika nikiwa nimefunika uso. Rafiki alinipigia simu alfajiri: mkaguzi anakuja leo. Nikafungua mabomba matatu ya maji safi yamwagikie kwenye chemba tangu saa kumi na mbili asubuhi. Alipofika saa nne, majitaka yangu yalikuwa meupe kama chai ya mgonjwa. Alijaza chupa yake kimya. Kisha akaenda kwenye mita ya maji, ambayo ilikuwa inazunguka kama feni.

“Mzee wangu,” aliniuliza kwa adabu yote, “leo mnamwogesha nani?”

Na wala sikuwa mgeni wa mambo ya ukaguzi. Kati ya 1997 na 1999 nilikuwa nauza mapanki Mwanza, yaani vichwa na mifupa ya samaki vinavyobaki viwandani, na niliona kwa macho yangu Umoja wa Ulaya ulivyozuia samaki wa ziwa letu zaidi ya mara moja, mara kwa hofu ya kipindupindu, mara kwa habari za watu kuvua kwa sumu. Mnunuzi aliyekuwa maelfu ya kilomita aliuliza juu ya maji yetu, na mimi niliyekuwa na beseni tu la mapanki nikakosa riziki. Funzo hilo lilinipita sikioni.

Mkaguzi alinieleza kwa nini kuzimua kunakatazwa. Bwawa halili namba iliyo kwenye chupa, linakula mzigo mzima: ukali wa uchafu mara wingi wa maji. Ukiongeza maji, uchafu ni uleule, ila sasa unafika kwa kasi, unapita bwawani kabla haujaliwa. Baada ya hapo hakunipigia hodi tena. Alikuja akichukua sampuli kwa saa tofauti, hata usiku, akazichanganya. Mwisho wa mwezi bili ya maji ikanipa adhabu ambayo yeye hakuiandika.

Ukiwa muungwana, mwendee kabla hajaja. Kuunganishiwa bomba la nyumba hakukupi ruhusa ya kumwaga majitaka ya biashara. Hayo huombewa ridhaa yake kwa mamlaka ya maji, nayo hukuambia usafishe nini kwanza. Nilipoenda hatimaye, nilikuta watu waliokuwa tayari kunichorea mtego wa mafuta bure. Miaka yote ile nilikuwa nawakimbia.

5. Harufu ikikatika, usishukuru

Nilikuwa pia na gereji ndogo. Vipuri tulivisafisha kwa petroli, na petroli chafu tukaimwaga chembani. Chemba ikaziba. Nikamwambia kijana wangu wa kazi ashuke aitazame. Hakuwa na kamba, hakuwa na kinga, alikuwa na amri yangu tu.

Alishuka akilalamika kwamba kuna harufu ya yai viza. Baada ya muda mfupi akasema, “Mzee, sasa imeisha.” Nikafurahi. Kisha magoti yake yakalegea. Nilikuwa nimeshaweka mguu kwenye ngazi nimfuate, dereva wa gari la majitaka aliyekuwa ng’ambo ya barabara aliponishika ukosi na kunivuta nyuma. Bahati chemba ilikuwa ya kimo cha mtu, na mkono wa kijana ulikuwa bado umening’inia kwenye ngazi. Tulimvuta kwa mkono huo. Alizinduka hospitali. Mimi nilizinduka hapohapo.

Gesi ile, haidrojeni salfaidi, huzaliwa pale uchafu unapooza bila hewa. Ikiwa kidogo inanuka. Ikifika kiasi cha sehemu 100 katika milioni ya hewa, hulemaza pua, na mtu hudhani imeondoka. Dereva aliniambia kwamba kwenye kazi yao anayezikwa mara nyingi ni wa pili, yule anayeruka kumwokoa mwenzake.

Na petroli? Tarehe 22 Aprili 1992, katika mji wa Guadalajara nchini Meksiko, petroli iliyovuja kutoka bomba lililotoboka iliingia kwenye mfereji wa majitaka. Wakazi walikuwa wamelalamikia harufu kwa siku kadhaa. Mitaa ililipuka kwa kilomita nyingi, watu zaidi ya 200 wakafa. Nilipoisoma habari hiyo nilihesabu chupa zangu za petroli, nikaacha kuhesabu.

Kwa hiyo petroli, dizeli, rangi na tina havina mahali kwenye chemba, hata kijiko. Na usimtume mtu mahali ambapo usingemtuma mwanao. Waite wenye vipimo vya gesi, kamba na mtu wa kubaki juu.

6. Kuna kisicholika

Nilipokwenda Moshi kumtembelea shemeji nilikaribishwa wali. Nikiwa katikati ya tonge akaniambia kwamba kule Mabogini wakulima humwagilia mpunga kwa maji yanayotoka kwenye mabwawa ya majitaka. Nikaacha kutafuna. Wakacheka wote, na shemeji akaniongezea mchuzi.

Baadaye nilielewa kwamba kwa mkulima yale ni maji yenye mbolea ndani yake. Kilichonikosesha usingizi kilikuwa kingine. Kule gereji tulikuwa tunafungua betri mbovu na kumwaga maji yake. Tindikali hula bomba, hilo nililijua. Risasi iliyomo sikuifikiria. Bakteria hula damu, hula mafuta wakipewa kidogo kidogo, lakini hakuna anayekula risasi, wala kromu ya wachuna ngozi. Inatulia kwenye tope la bwawa, au inaendelea mpaka shambani, mpaka sahani ya shemeji ya mtu. Ndiyo maana kiwango cha risasi katika kanuni zetu ni miligramu 0.1 tu kwa lita. Betri mbovu muuzie mnunuzi wa betri ikiwa nzima, na maji yake ndani.

7. Mvua haina haja ya bomba lako

Hili ni fupi kwa sababu lilinigharimu siku moja tu. Niliunganisha mfereji wa paa na chemba ili ua usitope. Mvua kubwa ya kwanza ilinyanyua mifuniko mteremko mzima. Mwanza ni mji wa mawe. Kwenye vilima vyake mabomba membamba ya majitaka yamepenyezwa katikati ya majabali, na yamepimwa kwa maji ya nyumba, hayakupimwa kwa maji ya mbingu. Mvua ina mifereji yake. Vivyo hivyo mchanga, matambara, pampasi na taulo za kike vina pipa lake.

8. Mahali pasipo na bomba, bomba ni wewe

Kosa la mwisho nililifanya nikiwa tayari mwalimu wa watu. Nilirudi Murangi nikiwa na pensheni ya biashara na maneno mengi. Huku hatuna mtandao wa majitaka, kwa hiyo nilichimba karo na shimo la kunyonya, nikalijengea vizuri, nikaanza kupokea vijana barazani na kuwafundisha.

Mmoja wao, binti anayetaka kufungua nyumba ya wageni, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama ninaijua ile Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, kinachokataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa. Nikamwambia naijua sana. Akaniuliza, “Babu, na lile karo lako liko mita ngapi?”

Tulitoka tukapima. Nilihesabu hatua 52, na hatua zangu siku hizi ni fupi. Nilijaribu kuzirefusha kuelekea mwisho, aliniona. Pembeni yetu kina mama walikuwa wanachota maji kwa ndoo, pale pale nilipochota mimi utotoni.

Hapakuwa na mkaguzi, wala mita, wala bili. Mchanga wa kwetu unapitisha maji upesi, na yanayozama kwenye shimo hayahitaji bomba ili yafike ziwani. Nilichimba jipya juu, upande wa barabara. Lile la kwanza lilinyonywa likakauka, nikalifukia, nikapanda mgomba. Umestawi kuliko yote shambani, na wageni wakipita husifu ndizi zake na kuniuliza natumia mbolea gani. Mpaka sasa nimewajibu kwa kuwaonyesha daftari langu la kwanza, ukurasa wa vijiti vya meno.